Mdhamini wa Kitu cha Bure

Mimi nalipwa kwa kusema maneno mawili: huyu namjua. Kila siku ya mnada hapa Mugumu nakaa kwenye benchi karibu na geti la kuingizia ng'ombe, kofia kichwani, fimbo mapajani, nasubiri muuzaji asiyejulikana. Anakuja na ng'ombe wake kutoka Machochwe, au kutoka mbali zaidi huko Tarime vijijini, na kibali cha mtendaji wa kijiji anacho mfukoni, lakini mnunuzi akimtazama usoni moyo unasita. Hapo ndipo naitwa. Kama namfahamu mtu huyo, ukoo wake na zizi alikotoka, nasimama mbele ya dalali na kusema: huyu namjua. Maana yake ni kwamba ng'ombe akija kudaiwa kesho, hakuna atakayehangaika kumtafuta muuzaji. Watakuja kwangu mimi Abdallah, nyuma ya msikiti, mlango wa bluu. Kwa hilo nalipwa, na sijawahi kulisema bure.

Watu wananiita mgumu, na sikatai. Nimeona chapa iliyochomwa juu ya chapa nyingine. Nimemwona mtu mzima analia machozi kabisa, eti anauza ng'ombe wa marehemu baba yake, kumbe marehemu yuko hoteli ya pili anakunywa chai na chapati. Kinachonitisha kuliko vyote ni bei ya chini. Mtu akimtoa ng'ombe mzuri kwa bei ya kutupa, mimi narudi kwenye benchi langu. Ng'ombe huyo ana mwenyewe, na mwenyewe atakuja.

Hata shemeji yangu Nyangwine, kaka wa marehemu mke wangu, anaujua ugumu huo. Alikuja siku moja kutoka Susuni na dume jekundu, hana kibali, hana chochote, akaniambia, "Sema tu, shemeji. Sisi si watu wa kulipana." Nikakataa mbele ya watu. Mke wangu alipofariki Nyangwine hakuja mazikoni. Mpaka leo sijui kama lile dume lilikuwa la wizi au lilikuwa lake halali, na siku nyingine jambo hilo linanikosesha raha. Lakini ningekataa tena.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa posa na fundi wa kompyuta.

Anaitwa Imrani. Duka lake liko Tarime mjini, jirani na stendi. Babu yake alifika huku kutoka Tanga na cherehani yake, baba yake akawa fundi redio, yeye akaingia kwenye kompyuta. Binti yangu Samira, ambaye ndiye mtoto pekee niliyebaki naye, ni karani wa ushirika wetu wa maziwa hapa Mugumu, na Imrani ndiye aliyekuja kufunga kompyuta ya ushirika, ile inayoweka hesabu ya maziwa ya kila mfugaji na malipo yake. Walijuana hapo. Nilipomuuliza Samira kijana huyu anauza nini hasa, akasema, "Anauza mfumo, baba. Ule unaoiamsha kompyuta na kuiendesha, kabla hata hujaweka hesabu zako." Wazee wa Imrani walikuja, watu wa heshima, wakala pilau, wakasema maneno mazuri. Nikawaomba muda. Mimi kila kitu naomba muda kwanza.

Muda huo ndio ulioleta balaa.

Tulikuwa kwenye kikao cha ushirika, mimi nikiwa mjumbe, mwenyekiti wetu Machage akiwa mbele, wakati Mwalimu Elibariki aliposimama na simu mkononi. Elibariki ni mtu wa Kilimanjaro, serikali ilimpanga sekondari ya hapa, na kwa kuwa anafuga ng'ombe wawili wa kisasa nyuma ya nyumba yake naye ni mwanachama. Ni mtu wa kusema polepole.

"Ndugu wajumbe," akasema, "huu mfumo tunaoulipia kila mwaka ni wa chanzo huria. Walioandika programu yenyewe wameiacha wazi, mtu yeyote anaisoma, anaichukua, anaigawa. Jana nimeushusha nyumbani kwangu. Sijatoa hata senti."

Machage akaegemea kiti chake na kuuliza, "Ni uleule?"

"Jina tofauti, nembo tofauti. Ndani ni uleule."

"Kwa hiyo tunauziwa kitu ambacho barabarani kinagawiwa bure." Machage akageuka akanitazama mimi, si Elibariki. "Mzee Abdallah, huyo fundi si mkwe wako?"

"Bado si mkwe wangu," nikasema.

"Lakini pilau imeshaliwa," akasema mtu mmoja nyuma, na watu wakacheka kicheko ambacho sikukipenda. Nilitoka pale masikio yanawaka moto. Jina langu ndilo shamba langu, na mtu aliyelikanyaga anataka kuoa kwangu. Nyumbani nikamwambia Samira waziwazi kwamba haolewi na mwizi, na mpaka nijue Imrani anauza nini, wazee wake wasikanyage mlangoni kwangu. Samira alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, na mchele ule ulichambuliwa mpaka basi.

Kesho yake asubuhi nikaenda Tarime. Sikuingia dukani moja kwa moja. Ng'ombe unamtazama kwanza kwa mbali, akiwa hajui kama anatazamwa, uone anavyokanyaga. Nikakaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Imrani alikuwa ameinama juu ya meza, redio kuukuu za baba yake zimejaa rafu ya nyuma. Akaja mwanafunzi wa chuo na kompyuta ya mapajani. Imrani akachomeka flashi, wakasubiri, wakaongea, mashine ikawashwa. Yule mwanafunzi akaingiza mkono mfukoni, na kwa macho yangu nikamwona Imrani anakataa pesa.

Nikavuka barabara.

"Shikamoo, mzee." Alishtuka akasimama, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Marahaba. Yule umempa nini?"

"Mfumo, mzee."

"Umemtoza?"

"Hapana. Ule ni wa bure."

"Na sisi tunalipia nini?"

Nilitegemea ataanza kutafuta maneno. Hakutafuta. "Ninyi mnalipia ule mwingine," akasema.

"Tofauti yake?"

"Ukiufungua ndani, karibu hakuna."

Mwizi mwenye akili hukubali jambo la kwanza ili uache kuuliza la pili. Nimewaona wengi. Nikakaa kwenye kile kiti, nikaweka fimbo mapajani, nikamwambia aendelee.

"Programu yenyewe haina bei," akasema. "Lakini iko kampuni inayoichukua, inaikagua, inaijaribu, halafu inajifunga kuirekebisha kwa miaka kadhaa. Kikipatikana kitundu cha kuingilia wezi, wao wanakiziba na kuwatumia ninyi marekebisho. Ikiharibika mkapiga simu, lazima waitike. Na kwa hapa Mara, wa kwanza kuitika ni mimi. Yule mwanafunzi mfumo wake ukifa anajua ni shauri yake. Atahangaika mtandaoni mpaka apate mtu mwenye huruma. Ushirika una pesa za watu, mzee. Hauwezi kungoja huruma."

"Kwa hiyo unauza ahadi."

"Nauza kuitika."

"Na waliouandika bure, wanajua kwamba kuna watu wanauuza?"

"Wanajua. Wameruhusu. Sharti lao ni kwamba usiufungie wengine mlango."

Mambo ya aina hii ndiyo yanayonikera. Mtu anakuachia mali yake wazi, na hana kinyongo ukiiuza. Huyo mtu sijawahi kukutana naye Serengeti wala Tarime. "Mbona basi hukutuambia kwamba kuna wa bure?" nikauliza, nikijua hapo nimempata.

Imrani alitazama chini. "Niliwaambia, mzee. Siku ya kwanza, pale ofisini. Nilisema kuna wa bure na kuna wa kulipia. Mwenyekiti akakuuliza wewe. Ukasema cha bure hamkitaki, kina mwenyewe, na mwenyewe atakuja."

Nikakumbuka. Nilisema hivyo hivyo, na kikao kizima kiliitikia kwa kichwa, kwa sababu hakuna mfugaji wa huku ambaye angeingiza zizini kitu kisichojulikana kimetoka kwa nani. Nilikasirika zaidi kuliko nilipokuja. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza jambo moja: kijana huyu aliona woga wetu, akaufunga kamba, akaukamua.

Kikao kilichofuata kilivunja mkataba. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Mwalimu Elibariki akaja na flashi yake, akauondoa ule wa kulipia na kuweka wa bure, na kompyuta ikawaka palepale. Machage akampiga begani. Kila asubuhi nilipeleka maziwa yangu na kupita ofisini kutazama ile mashine, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeambiwa atakufa. Haikufa. Mvua zikaja, zikaisha, malipo yakatoka vizuri, na mimi nikawa na hakika kabisa. Samira alikuwa ananipakulia chakula na kwenda kukaa uani. Simu yake ikiita alikuwa anaizima bila kuitazama, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angeongea.

"Unaona," nilimwambia siku moja. "Inafanya kazi."

"Sikusema haitafanya," akasema. "Imrani pia hakusema."

Halafu, siku moja kabla ya siku ya malipo, umeme ukakatika ghafla mchana, kompyuta ikiwa katikati ya kujirekebisha. Ulipokuja ule umeme, mashine haikuamka. Ilionyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikakaa hapohapo. Elibariki aliitwa kutoka darasani, akaja na chaki mikononi. Alihangaika mpaka shati likalowa. Alisoma kwenye simu watu wanavyosaidiana mtandaoni, na wema wao hauna shaka, lakini mmoja alisema fanya hivi, wa pili akasema ukifanya hivyo unaua kila kitu, wa tatu akasema futa uanze upya. Mwalimu akaweka simu mezani.

"Mimi najua kuuweka," akasema. "Huu ugonjwa siujui. Na sitaki nijifunze kwenye hesabu za watu."

Asubuhi ya malipo watu walikuwa wamejaa getini. Wengine walitoka na baiskeli tangu alfajiri, wengine watoto wao walikuwa wanadaiwa ada shuleni. Maneno hayakuchelewa kuanza. Huyo fundi ameacha kitu humo ndani. Ameondoka na ufunguo. Alijua tutamfukuza, akatega. Werema, ambaye ana sauti ya kuitia ng'ombe mlimani, akasema huku wazee wetu walikuwa na ritongo, baraza lao la kumaliza mambo ya wezi, na mwizi wa kompyuta ni mwizi tu. Machage akampigia Imrani akamwambia kesho saa nne aje ofisini mbele ya wanachama wote, asipokuja atafuatwa. Wakati anapiga alikuwa ananitazama mimi.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na nililiona zuri sana.

Nilijua namna ya kumpima mtu. Unampa mlango wa nyuma. Ng'ombe wa wizi huuzwa nyuma ya mnada, kwa haraka, kwa nusu ya bei, bila mtu wa tatu. Nikarudi nyumbani mchana ule, nikakaa kitandani, nikampigia Imrani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ufunguo wa ofisi anao Samira, na mimi naweza kuupata. Njoo leo jioni, watu wakiwa wametawanyika. Ingia kwa nyuma, itengeneze hiyo mashine, toka. Mkataba hautakiwi. Nitakupa chochote mkononi. Kesho wakute inafanya kazi, kelele zitaisha, na wazee wako waje Ijumaa, nitasema ndiyo. Samira ni wako."

Nikamsikia anafunga mlango wa duka.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Samira nampenda. Hilo unalijua."

"Ndiyo maana nakwambia uje."

"Siji. Nikiigusa mashine hiyo kwa mlango wa nyuma, bila mkataba, bila mtu kuniona, kesho ikipotea shilingi ya mtu mmoja nitasema nini? Na wewe utasema nini? Nirudishieni mkataba mezani, mbele ya watu, nije nikae niitengeneze mchana kweupe. Bila hivyo, hata kwa Samira, hapana. Nisamehe, mzee."

Akakata. Kwanza nilipandwa na hasira. Kijana ameninyima. Nimemtolea kitu nilicho nacho kimoja tu duniani, na ameninyima. Halafu nikamwona Nyangwine, amesimama getini na dume lake jekundu, anasema sisi si watu wa kulipana. Nikakumbuka jinsi moyo ulivyoniuma siku ile nikimkatalia, na nilivyojua kwamba nyumbani mke wangu ataninunia, na bado mdomo wangu ukasema hapana. Nilijiuliza, bila shaka, kama Imrani amenusa mtego. Mimi siachi kujiuliza. Lakini mtu anayenusa mtego wa namna hiyo ni mtu anayejua mpaka uko wapi, na matapeli niliowaona maishani mwangu hawaujui mpaka hata ukiwachorea.

Nilipoinua kichwa, Samira alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Uso wake uliniambia amesikia ya kutosha.

"Nilikuwa nampima," nikasema.

"Ukampima kwa kunitumia mimi."

"Samira."

"Baba, leo umenipeleka mnadani," akasema. "Tena kwa mlango wa nyuma."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Nilitaka kumweleza kwamba ulikuwa mtego tu, kisha nikaona kwamba mtego una chambo, na chambo nilichokiweka ni yeye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtoto wangu. Akatoka kwenda uani, na mimi nikabaki na simu mkononi.

Kesho yake saa nne ua wa ushirika ulikuwa hauna pa kukanyaga. Imrani alikuja peke yake, na begi lake la kazi begani, akasimama pale alipoambiwa asimame. Samira alikuwa dirishani, ndani ya ofisi. Machage akaanza: mtu huyu alituuzia kitu cha bure, tulipomwondoa kitu kikafa, na sisi si watoto. Watu wakaitikia. Werema akasema apekuliwe hilo begi. Elibariki alijaribu kueleza kwamba umeme ndio uliokatika, lakini sauti yake haikufika hata safu ya pili.

Nikasimama. Magoti yangu siku hizi si mazuri, kwa hiyo nilisimama polepole, na watu wakanyamaza kidogo kwa kuniheshimu au kwa kutaka kusikia nitajiteteaje.

"Huyu namjua," nikasema.

Kila mtu pale aliyafahamu maneno hayo. Wengi wao walikuwa wamewahi kuyanunua. Machage akanikazia macho.

"Amekulipa shilingi ngapi?"

"Hajanilipa kitu."

Niliposema hivyo niliona nyuso zikikunjamana. Wangeamini kama ningetaja bei, hata kubwa. Werema akacheka kwa nguvu. "Tangu lini Mzee Abdallah anasema bure, jamani? Hapo kuna mwenyewe. Na mwenyewe atakuja."

Maneno yangu, kwa sauti yake ya mlimani. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikiwa nimetoa kitu changu kizuri kuliko vyote, na hakuna hata mmoja aliyetaka kukipokea, kwa sababu nilikuwa sidai chochote. Nikamtazama Imrani. Naye alikuwa ananitazama, na nadhani sisi wawili ndio pekee tuliokuwa tunaelewa hapo kinachoendelea.

"Sawa," nikasema. "Basi nilipeni."

"Nani akulipe?"

"Ninyi. Ushirika. Bei yangu ya mnadani mnaijua, sitaongeza wala sitapunguza. Nikiipokea, mtu huyu akiwaibia hata lita moja ya maziwa, hamna haja ya kumfuata Tarime. Mnajua ninapokaa. Ng'ombe wangu mnawajua, na zizi mnalijua." Nikageukia mwenyekiti. "Na yeye mlipeni yake, kwa mkataba, hapa, kila mtu anaona. Bila hivyo hataigusa mashine. Namjua kwa hilo."

Machage alisogea karibu nami. Ni mtu mwenye shaka kama mimi, na ndiyo maana tunaheshimiana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akanyoosha mkono wake ili wa nyuma waone, akaniwekea kiganjani. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa kanzu. Kelele zikaisha. Hata Werema alikaa chini.

Imrani alifanya kazi milango na madirisha yakiwa wazi, Mwalimu Elibariki ameketi pembeni yake anauliza maswali, watu wanachungulia kwa zamu. Alipiga simu kwa watu wa kampuni, wakaongea mambo yao ya namba na herufi, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Hakukuwa na kitu kilichotegwa. Umeme ulikatika wakati mfumo unabadilisha viungo vyake, vikabaki nusu. Hesabu zilikuwa salama. Jioni jua likiwa bado lipo mashine iliamka, na kesho yake watu walilipwa. Elibariki alisema yeye nyumbani kwake ataendelea na ule wa bure, na Imrani akamwambia aendelee nao, ni mzuri, na yeye mwenyewe ndio anaoutumia.

Sikumwambia Imrani neno lolote kuhusu Ijumaa. Neno hilo nilikuwa nimeshaliuza mara moja kwa njia mbaya, na halikuwa langu tena, lilikuwa la Samira.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Samira ameinjika chai. Safari hii alikaa jikoni, hakwenda uani. Nikaitoa ile noti ya Machage nikaiweka mezani, sijui kwa nini, labda nilitaka aione. Aliitazama bila kuigusa.

"Baba," akasema, "unamjua kweli, au kwa sababu wamekulipa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Amelelewa na mimi.

"Namjua," nikasema. "Nilimpa mlango wa nyuma, akaninyima."

Akamimina chai, kikombe changu kwanza, kisha chake. Kisha akachukua simu yake kutoka dirishani, akaiwasha, na akatoka nayo uani.